Ngumi Iliyokataa Kufunguka

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zinalala kama mpunga uliopigwa na upepo. Wa kulia sina. Kama nawe umekatwa, au umeambiwa kesho utakatwa, kaa hapa nikusimulie yaliyonipata. Mambo ya dawa sitayaweza, hayo waulize wenye makoti meupe. Mimi nitakuambia ya benchi la kungojea, ya leso isiyofungika, ya mume, na ya mkono wa kwenye kompyuta ulionitesa kiangazi kizima na masika nusu.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipimiwa sukari dukani naangalia mizani, halafu naangalia kidole cha mwenye duka kiko wapi. Mzee wa kanisa akimsifu mtu mbele ya watu, mimi najiuliza amepewa nini. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja limeshafunguka. Kwa hiyo usitegemee kusoma hapa habari za mtu aliyeamini tangu mwanzo.

Kwetu ni chini ya Garsen, ng'ambo ya mto, mahali ambapo Tana ikifurika tunalima na isipofurika tunalia. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka kwa maelfu, na mwenye shamba hana budi kushinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti tunalolijenga katikati ya shamba, akiwafukuza kwa kombeo. Mawe kwetu hakuna, ardhi yote ni udongo mtupu. Basi tunafinyanga madonge makubwa kama limau, tunayaanika yakauke, tunayalundika chini ya dungu. Kombeo lenyewe ni kamba yenye kifuko katikati. Ncha moja unaivisha kidoleni, nyingine unaibana kwa gumba, unazungusha, halafu unafungua mkono. Huko kufungua ndiko kazi yenyewe. Ukifungua mapema donge linaenda kwa jirani, ukichelewa linakurudia mwenyewe. Mimi nilikuwa hodari. Sijisifu, waulize ndege.

Asubuhi ile madonge niliyopanda nayo yaliniishia. Nikashuka, nikainama kwenye lundo, nikatia mkono bila kuangalia. Mimi, ninayeangalia kidole cha mwenye duka! Nilishika donge, na papo hapo bafe, yule nyoka mnene mvivu asiyekimbia mtu, akanipiga juu kidogo ya kifundo cha mkono. Sikuliachia donge. Sijui kwa nini. Nilisimama nalo vile vile, ngumi imefumba, nikaita.

Baba Hiribae alikuwa ukingoni akikata majani. Hiribae ni mwanetu wa pekee, yuko Mombasa kwa kazi, na Baba Hiribae ni mume wangu wa miaka ishirini na mitatu. Alikuja mbio. Yaliyofuata niliyasimulia karibu mwaka mzima hivi: kwamba alichukua kombeo langu mwenyewe, akanifunga nalo katikati ya kiwiko na kifundo, akakaza mpaka kamba ikazama kwenye nyama. Akanilaza kwenye mtumbwi. Maji yalikuwa machache, mara mbili tukakwama kwenye mchanga, akashuka akasukuma. Kisha pikipiki, mimi katikati, yeye nyuma amenishikilia. Kamba ilifunguliwa na nesi wa kwanza aliyeniona, na wakati huo jua lilikuwa limeshapita utosini. Kutoka pale nikapelekwa kwa gari la wagonjwa mpaka hospitali kubwa ya mjini.

Siku ya tano vidole vilikuwa vyeusi. Daktari, mtu wa sauti ya chini, aliuliza ni nani aliyefunga. Nikasema mume wangu. Akasema sumu ilifanya yake, lakini kamba ilifanya zaidi, na aliyeumwa na nyoka hafungwi kamba, hutulizwa na kukimbizwa hospitali. Nikayakumbuka maneno hayo. Wahudumu wa afya walikuja kuyasema kwenye baraza la chifu kabla ya mafuriko. Mimi sikwenda siku hiyo. Baba Hiribae alikwenda, akarudi akanieleza tukila.

Basi likaniingia kama mwiba wa samaki kooni. Mtu huyu alijua. Alijua, na bado alifunga.

Kaka yangu mkubwa, Komora, alipofika hospitali nilimwambia vivyo hivyo. Akamtoa mume wangu nje ya wodi. Nilisikia sauti moja tu kule nje, na ilikuwa ya kaka yangu. Baba Hiribae hakujibu neno. Na mtu asiyejibu, kwa hesabu zangu, amekiri.

Walinikata siku ya tisa. Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna aliyeniambia mimi. Nilipozinduka, mkono ulikuwepo. Macho yaliona bandeji imeishia njiani, upana wa vidole vinne chini ya kiwiko, lakini mimi nilikuwa na mkono, na ulikuwa umefumba ngumi, na ndani ya ngumi mlikuwa na lile donge. Kucha zilikuwa zinachimba kiganja. Nilimwomba nesi anifungulie vidole. Mungu ambariki, hakunicheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema wengi huhisi hivyo, kisha akashika hewa mahali ambapo mkono ungekuwa, akakaa nayo kidogo. Haikusaidia lakini sijamsahau.

Mvua za vuli zilinikuta nyumbani. Kigutu kilipona juu kwa juu, ngozi ikawa laini ya ajabu kama ya mtoto, ikiwasha jua likichomoza. Mwili uliinama upande. Nilikuwa nikitembea najiona kama mtungi uliojazwa nusu, na bega la kushoto likapanda bila ruhusa yangu. Kukuna nazi kulinishinda. Kumenya embe kulinishinda. Jirani mmoja, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya bata, alianza kuniletea maembe yameshakatwa vipande, akiyaweka mlangoni na kuondoka. Nilishuku embe la kwanza. La pili nikala.

Leso ndiyo iliyoniliza. Jaribu wewe kujifunga leso kiunoni kwa mkono mmoja na meno. Siku moja ilinianguka uani mbele ya mavyaa wangu, na Baba Hiribae akainuka upesi akaiokota, akaja nyuma yangu anifunge. Nikaruka kando.

"Usinifunge," nikamwambia. "Mikono yako isinifunge tena."

Akaiweka leso begani mwangu akatoka. Tangu siku hiyo tuliishi kama wapangaji wawili. Alipika, alifua, alichota maji, na mimi kila alichofanya nilikipima. Dada yangu Mariamu alikuja kunisalimu, akaona anavyonihudumia, akanong'ona kikulacho ki nguoni mwako, dada. Akasema labda ameshapata mwingine mwenye mikono miwili. Nami nikalichukua neno hilo nikalifuga kama kuku, nikalilisha kila siku.

Na ngumi haikufunguka. Nikipika imefumba, nikiomba imefumba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wenyewe husema, na mimi nilikuwa nikishtuka hata kwa kamba ya kuanikia nguo. Nikishtuka, ngumi inakaza zaidi, na maumivu yanapanda mpaka shingoni. Nilikuwa tayari kukatwa tena, popote, ili vile vidole vilegee.

Kiangazi kilipoanza, tangazo lilisomwa kanisani. Kuna watu wamekuja Garsen, wanasaidia waliopoteza mikono kupata ya bandia inayofumba na kufungua kwa umeme. Bure. Nilipoambiwa bure nikakaza macho. Cha bure kina mwenyewe, na huyo mwenyewe siku moja hubisha hodi. Lakini Baba Hiribae aliomba mtumbwi mkubwa wa ndugu yake, na ngumi iliniuma vibaya asubuhi ile, basi nikapanda.

Benchi la kungojea lilikuwa la mbao, chini ya bati, nyuma ya zahanati. Tulikuwa watu saba na mikono minane. Pembeni yangu alikaa Abdalla, mtu wa Wenje, mkulima kama mimi, aliyenyang'anywa mkono wa kushoto na mamba akichota maji ya kumwagilia migomba. Aliniuliza mimi nimeliwa na nani. Nikamwambia nyoka. Akasema heri yangu, nyoka huonja tu. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilikuwa na miezi minne sijacheka.

Ndani nilipewa fomu. Kijana wa mezani, bila kuinua kichwa, akaniambia niweke dole gumba la kulia. Nikamtazama. Nikamwambia lipo mjini, alifuate. Alipoinua kichwa akaona haya mpaka akaangusha kalamu. Nilimuuliza fomu inasemaje, akasoma: picha, majina, na kwamba mashine itaandika nguvu za misuli yangu na kuzihifadhi. Kuzihifadhi wapi? Hakujua. Nikatia dole la kushoto huku nikijiambia nimeuza kitu bila kukijua.

Mwalimu wetu aliitwa Saumu, binti wa Mombasa, mtaalamu wa viungo, mdogo wa umri lakini hana haraka. Alinivisha kwenye kigutu ukanda wenye vitufe vidogo vya chuma, vya baridi. Akafungua kompyuta. Humo ndani mlikuwa na mkono. Mkono mtupu, rangi ya udongo, umekatikia kwenye kifundo, unaelea. Akanieleza polepole kwamba misuli iliyokuwa ikivuta vidole vyangu bado imo kwenye kigutu, na nikitaka kufungua vidole inashtuka kidogo, hata kama vidole havipo. Mashine inausikia mshtuko huo na kuufanya mkono wa kwenye kioo ufuate.

Akaniambia jambo moja zaidi, nami nakuomba ulishike kwa sababu kila kitu kilisimama juu yake. Kabla ya kupewa mkono wenyewe, lazima niuongoze huu wa kioo: nifumbe, nifungue, nifumbe, nifungue, kwa kutaka kwangu. Mikono ni michache. Mtihani ni kabla mpunga haujatia maziwa tena. Atakayeshindwa kufungua atapewa ule wa plastiki usiofanya kitu, wa kwenda nao kanisani. Na akasema, bila kuahidi, kwamba amewaona wengi ambao ngumi yao ya maumivu ililegea walipojifunza kufungua pale kwenye kioo.

Nikajaribu. Mkono wa kioo ukajifumba wenyewe ngumi, ukakaa. Nikasema fungua. Haukufungua. Nikakaa kimya bila kufikiria lolote, nao ukatikisika. Nikamwambia Saumu hii ni sinema, mmeirekodi, mnanichezea. Hakubishana. Alinivua ukanda, akamwita Baba Hiribae kutoka benchini, akamvisha kwenye mkono wake wa kulia. Akamwambia afumbe, afungue. Akafanya hivyo. Na ule mkono wa kioo, mwenzangu, ukamfuata kama mbwa wake. Ukafumba, ukafungua, ukanyoosha kidole kimoja kimoja.

Basi si sinema. Lakini hasira iliyonipanda pale sijapata kuiona. Mkono ulionifunga kamba ndio unaofunguka bila taabu, na wangu umefumba. Nikatoka nje nikakaa karibu na Abdalla.

Wiki nane tulikwenda Garsen kila Jumatano. Saumu ananiambia nifikirie nimeshika kikombe cha chai, sasa nakiweka mezani. Nafikiria kikombe. Ngumi. Nifikirie napunga mkono kumuaga mtu. Ngumi. Abdalla alikuwa ameshafika hatua ya kuokota mipira kwenye kioo na kuitia kwenye ndoo, nami nikashuku anapewa mashine iliyo rahisi. Tukabadilishana mashine. Akaendelea kuokota.

Ndipo nikaanza kuiba. Niligundua nikikaza bega na kuuma meno, mkono wa kioo unafunguka nusu, kwa kutetemeka. Jumatano mbili nikapata sifa. Ya tatu, Saumu akaweka kidole chake begani mwangu, akalisikia linavyoruka.

"Mama," akasema, "mashine hii inajifunza kwako. Ukiifundisha uongo itaushika. Halafu siku utakayotaka kusema kweli, haitakujua."

Akafuta yote tuliyofanya, tukaanza upya. Nilirudi nyumbani nimenuna, najiambia binti huyu ananichukia, ameshampangia mtu mwingine mkono wangu. Lakini maneno yake yalinikaa.

Masika yakaja na Tana ikapanda. Barabara ya Garsen ikakatika. Saumu alikuwa ameliona hilo mapema, akatupa kila mmoja tableti na ukanda wa kubaki navyo, tujifunze naye kwa mtandao. Mtandao! Kijijini kwetu simu inashika mahali pawili: juu ya paa la kanisa, na juu ya dungu langu. Kanisani sipandi. Na dungu sikuwa nimelikanyaga tangu siku ile.

Siku tatu nilikataa. Siku ya nne Baba Hiribae akaleta mtumbwi mpaka mlangoni, maana maji yalikuwa yamefika huko, akakaa ndani yake akisubiri bila kuniita. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma machache. Nikaingia.

Shamba lilikuwa ziwa. Dungu limesimama peke yake katikati. Alipofika chini yake alichukua upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, akachokoa kila nguzo, kila ufito, akagonga jukwaa lote, kisha akasema hakuna kitu. Lundo la madonge halikuwepo tena. Lilikuwa limeyeyuka, limerudi kuwa tope. Nikapanda kwa mkono mmoja, yeye akabaki chini ameushikilia mtumbwi kwenye nguzo.

Saumu alikuja kwenye kioo, uso wake umekatikakatika. Nikavaa ukanda. Kikombe cha chai. Ngumi. Tukajaribu mpaka jasho likanishuka. Kisha akaniuliza swali ambalo, mpaka leo, namshangaa hakuliuliza wiki ya kwanza, na najishangaa mimi sikumwambia.

"Mama, mkono huo, kabla haujaondoka, siku zote ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Nikamwambia kupalilia, kupepeta, kupika, kazi za watu. Na kombeo. Hakulijua kombeo. Binti wa mjini! Nikamweleza kidole, gumba, kuzungusha, kufungua. Nilipofika kwenye kufungua nikamwona ameacha kuandika.

Akasema basi tuache vikombe. Nifumbe macho, nifanye kazi yangu kama kawaida, tangu mwanzo. Nikafumba. Nikashuka dungu, nikainama, nikatia mkono kwenye lundo. Hapo nikasimama. Ngumi ikakaza nikapiga yowe la chini chini. Akaniuliza nimeishia wapi. Nikasema kwenye lundo. Akasema nirudie, nisiishie hapo, nipite.

Mara ya tatu nikapita. Nikamwacha nyoka aume. Nikasimama na donge mkononi, nikamwona Baba Hiribae anakuja mbio, panga amelitupa. Nikamwona anaushika mkono wangu. Na mikono yake ilikuwa mitupu. Hakuwa na kamba. Alikuwa ananikalisha chini, anasema nitulie, nisikimbie, walisema tusifunge, walisema tusifunge. Halafu nikasikia sauti ya mtu inamfokea: funga, unataka nife? Kaza. Kaza zaidi. Nikatafuta sauti hiyo ni ya nani. Nikaona mkono wa kushoto unachomoa kombeo kiunoni na kumtupia kifuani. Mkono huo ninao mpaka sasa, ndio ninaoandikia.

Nilikaa pale, macho yamefumba, sijui muda gani. Kisha, kwa sababu sikuwa na la kufanya, nikamaliza kazi. Nikatia donge kwenye kombeo. Nikazungusha. Nikafungua.

Nililisikia likiondoka. Kucha zilitoka kwenye kiganja, moja baada ya nyingine, na hewa ya baridi ikapita kati ya vidole ambavyo havipo. Nilipofungua macho, mkono wa kwenye kioo ulikuwa umekunjuka wote, kiganja juu, mtupu. Saumu hakushangilia. Aliniambia tena. Nikafanya tena. Tena. Mara kumi, na mara nane ulifunguka.

Kutoka chini Baba Hiribae aliuliza kama umekataa leo pia. Nikamwambia umefunguka. Sikuweza kumtazama.

Njiani kurudi yeye alisimama nyuma na upondo, mimi nimekaa mbele nimempa mgongo. Nikauliza hivyo hivyo, nikiangalia maji.

"Baba Hiribae, siku ile ni nani aliyesema kaza?"

Alisukuma mara mbili, mara tatu. "Siku nyingi zimepita," akasema. "Sikumbuki vizuri."

"Usinidanganye."

"Ulikuwa umeumwa na nyoka, Mama Hiribae. Mtu aliyeumwa na nyoka husema chochote. Mwenye kusikiliza ndiye mwenye makosa."

"Komora alikutukana wodi nzima ikisikia. Mbona hukumwambia?"

Mtumbwi ulikwenda peke yake kidogo.

"Wewe ulikuwa umekatwa mkono," akasema. "Nikuambie tena kwamba umejikata mwenyewe?"

Nililia mpaka tukafika. Nisikufiche, sikulia kwa furaha ya vidole. Nililia kwa aibu. Karibu mwaka mzima nilikuwa nimemchunguza kila mtu, mwenye duka, daktari, kijana wa fomu, Abdalla wa watu, Saumu, na mume wangu kuliko wote, na mwizi alikuwa amekaa kwangu anakula chakula changu.

Maji yalipopungua nilikwenda kwa Komora, nikamwita na Mariamu, nikawaeleza mbele ya wake na waume zao. Jumapili baada ya ibada kaka yangu alikuja kwetu na jogoo kwapani, akamkabidhi Baba Hiribae kwa mikono miwili, wakakaa wakazungumza habari za mpunga tu. Mariamu alisema yeye hakusema lile neno kwa ubaya. Nikamwambia kuku alikuwa wake, lakini aliyemlisha ni mimi.

Wewe unayesoma, uliye na mtu aliyeumwa, shika hili: usifunge. Hata akikufokea, hata akikutupia kamba kifuani. Mtulize, mbebe, mkimbize. Na wewe uliyekwisha kukatwa, ngumi yako ikikataa, usihangaike na vikombe vya chai vya watu. Mwambie mwalimu wako mkono wako ulikuwa fundi wa nini.

Mtihani niliupita. Si kwa kishindo, Abdalla alinipita mbali na hakuacha kunikumbusha. Ngumi bado hurudi, hasa mvua ikikaribia, lakini sasa naijua njia ya kuilegeza. Najizungushia kombeo moyoni, naachia.

Mkono wenyewe nilipewa mpunga ukiwa unatia maziwa. Ni mzito, unavuma kama nyuki ukifumba, hautaki maji, na betri yake naichaji kwa sola ya jirani yule wa maembe. Kuzungusha kombeo hauwezi. Unashika donge na kulitia kwenye kifuko, halafu wa kushoto unazungusha, na majirani wanalalamika kwamba siku hizi ndege wako salama kuliko wao. Na usifikiri nimebadilika sana. Nikiuvua nautoa betri, nauweka mbali na kitanda. Sijui unaandika nini.

Siku nilipovishwa, pale Garsen, Saumu alinipa sifongo nishike, nikashika, nikaachia. Akanipa yai, nalo likapona. Tukaaga. Mlangoni leso ikanilegea, na mkono mpya, pamoja na umeme wake wote, kitambaa hauwezi kukifunga. Baba Hiribae alikuwa pembeni yangu. Aliiona, akaangalia upande wa barabara.

"Nifunge," nikamwambia.

Akaja nyuma yangu, akashika ncha mbili za leso. Akasita.

"Nikaze?"

"Kaza," nikasema, na safari hii nililisikia neno likitoka kinywani mwangu mwenyewe.